Barafu ya Kibo Haimwondolei Binadamu Lawama

Mjadala wa mabadiliko ya tabianchi ukipamba moto, hakosi mtu wa kuitaja Kilimanjaro. Husema barafu ya Kibo, kilele cha mlima huo, ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, kabla magari hayajajaa duniani. Basi haya ni mambo ya asili tu. Hoja hiyo tusiibeze, kwa sababu nusu yake ni kweli.

Mwaka 1912 barafu ya mlima huo ilifunika kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia 2007, asilimia 85 yake ilikuwa imetoweka. Lakini kule juu, karibu na mita 5,895, hewa karibu mwaka mzima ina baridi ya kugandisha maji. Barafu inaishaje hapo? Tazama kidonge cha naftalini ulichokiweka kabatini kufukuza nondo: hunywea siku hadi siku, na nguo hazilowi. Sehemu kubwa ya barafu ya Kibo huisha hivyohivyo. Jua kali na hewa kavu huigeuza mvuke moja kwa moja, na isipopata theluji mpya ya kuifidia, inakonda. Wataalamu kama Georg Kaser na Thomas Mölg wameeleza kwamba Afrika Mashariki ilikauka miaka ya 1880, theluji ikawa haba. Lonnie Thompson, aliyechimba barafu hiyo mwaka 2000, huweka uzito zaidi kwenye joto. Mimi naona ukame ndio ulioanza kazi.

Kosa ni kuchukua ushahidi wa kilele kimoja na kuufanya hukumu ya dunia nzima. Anayetaka kujua nini kinaipasha dunia joto leo, aiulize hewa yenyewe. Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni za hewa, chembe 280 hivi zilikuwa hewa ukaa; sasa zimepita 420. Kaboni iliyo katika hewa ukaa hiyo iliyoongezeka ina alama mbili. Haina kaboni-14, aina ya kaboni inayopotea kadiri miaka inavyopita, maana ni ya kale mno. Na ina upungufu wa kaboni-13, aina nzito kidogo ambayo mimea huichukua kwa uchache, maana ilipitia kwenye mimea. Mabaki ya mimea na mwani wa kale ndiyo yaliyogeuka makaa ya mawe na mafuta. Kaboni ya volkano haina alama zote mbili kwa pamoja.

Na jua? Setilaiti zinalipima tangu 1978. Nguvu yake hupanda na kushuka kila miaka 11 hivi, bila kuongezeka kwa jumla, huku dunia ikizidi kupata joto. Tena, tabaka la chini la angahewa linapata joto ilhali la juu yake linapoa. Jua lingekuwa chanzo, yote mawili yangepata joto.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitajiwa Kibo, kubali ukweli wa mlima. Kisha muulize mwenzako: kaboni yenye alama za makaa ya mawe na mafuta imefikaje angani, kama si sisi tulioichoma?