Watoto Waendao Shuleni kwa Msafara wa Baiskeli

Katika vijiji vingi vya Shinyanga, Tabora na Simiyu, baiskeli ndiyo inayomwezesha mwanafunzi wa sekondari kufika shuleni kwa wakati. Watoto huondoka kwa makundi, na wazazi hutulia, kwani dereva huliona kundi kwa urahisi kuliko mtoto aliye peke yake. Hata hivyo, kundi lina hatari zake: watoto huenda sambamba wakizungumza, hushindana kwenye mteremko, na aangukapo wa mbele, wa nyuma humwangukia.

Msafara salama hupita kushoto mwa barabara, mmoja nyuma ya mwingine, kwa nafasi ya kutosha kufunga breki. Mwanafunzi mkubwa aongoze, mwingine afunge msafara, na wadogo wakae katikati. Mwendo uwe wa yule aendaye polepole kuliko wote. Kwenye barabara kuu, wote washuke na kuvuka wakikokota baiskeli. Breki zikaguliwe jioni, si asubuhi ya pilikapilika. Baiskeli nyingi nizionazo husimamishwa kwa soli ya kiatu!

Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 1999 yalionyesha kuwa kofia ngumu hupunguza majeraha ya kichwa na ubongo kwa asilimia 63 hadi 88. Kwa kaya nyingi bei yake ni mzigo, lakini aliye nayo aivae na kuifunga kidevuni.

Mtoto apakiwaye kwenye keria huweza kuingiza mguu katika spoku. Kidonda cha kisigino huonekana kidogo siku ya kwanza, kisha ngozi hufa siku zinazofuata. Kisafishwe na kuangaliwa tena.

Jeraha linalonitia hofu zaidi ni la usukani. Ncha yake ikimgonga mtoto tumboni, huweza kuacha alama ndogo ya mviringo tu, ilhali ndani ini, bandama, utumbo au kongosho limejeruhiwa. Wenzake humpangusa vumbi, wakaendelea na safari. Maumivu huzidi baada ya saa kadhaa, pengine siku ya pili: mtoto hutapika, tumbo hukakamaa, au hupauka na kutoa jasho baridi. Huyo apelekwe hospitali yenye huduma ya upasuaji bila kusubiri kesho.

Watoto wengi huficha kuanguka kwa kuogopa fimbo ya kuchelewa au ya kupinda baiskeli. Mzazi na mwalimu waafikiane kwamba mtoto asemaye ukweli hataadhibiwa, na kwamba mfunga msafara ataripoti kila aliyeanguka.

Nawe mhudumu wa zahanati, umpokeapo mtoto mwenye maumivu ya tumbo, uliza kama ana baiskeli na kama aliigongea usukani. Mvue shati, utazame ngozi. Ukiiona alama ile, mpe rufaa hata kama anacheka na mapigo ya moyo ni ya kawaida, kwani hata kipimo cha ultrasaundi cha saa za mwanzo huweza kutoonyesha jeraha la kongosho au la utumbo.