Wanaokaa katika baraza la shirika la masomo

Hapa Kisangani mtu akichaguliwa kuingia katika baraza la usimamizi la shirika la masomo la kimataifa, jamaa wanafanya sherehe. Wachache wanauliza atafanya kazi gani.

Baraza halifundishi. Linamweka mkurugenzi, linamdai hesabu, linapitisha bajeti na kulinda kusudi la shirika. Tena sheria yetu namba 004/2001 inakataza shirika la namba hiyo kuwatafutia wanachama wake faida ya mali.

Mji wetu unajua uzito wa kiti hicho. Mwaka 1963, mji ukingali Stanleyville, makanisa ya Kiprotestanti yalianzisha hapa Chuo Kikuu Huru cha Kongo. Mwaka 1964 vita vya Wasimba vilikihamishia Léopoldville kwa muda. Mwaka 1971 Serikali ilikiingiza katika UNAZA, na neno la mwisho likatoka mikononi mwa makanisa. Tangu 1981 kinaitwa Chuo Kikuu cha Kisangani.

Sisi wachungaji tunaitwa mara nyingi katika mabaraza haya, maana cheo chetu kinawatuliza wafadhili wa ng'ambo. Tukiri: wengine wetu tumetia sahihi ripoti ya fedha bila kufungua ukurasa wa pili. Paulo, kwa mchango wa Yerusalemu, alitaka ndugu wengine washuhudie, asije akalaumiwa (2 Wakorintho 8). Basi kabla ya kumtuma mjumbe wenu, mwulizeni kama anaweza kusoma hesabu, na kama yuko shemeji yake anayelipwa na shirika hilo.