Kipimo cha sukari: nawa mikono kwanza

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayetunza mgonjwa wa sukari nyumbani, sikieni.

Kuna kipimo kidogo kinachoingia katika mfuko wa shati. Unajichoma kidole, unagusisha tone la damu kwenye kikaratasi chake, na kwa sekunde chache namba inatokea. Namba ile ni kiasi cha sukari katika damu yako.

Kinafanya kazi namna gani? Juu ya kikaratasi kuna dawa inayobadilisha sukari. Mabadiliko hayo yanatoa umeme kidogo sana: sukari ikiwa nyingi, umeme nao unazidi. Kipimo kinapima umeme huo na kuandika namba. Mtaalamu Leland Clark wa Marekani alieleza njia hiyo mwaka 1962. Mwaka 1987 kipimo chenye ukubwa wa kalamu kilianza kuuzwa.

Lakini angalia. Kipimo hakijui kama sukari imetoka katika damu ao kwenye ngozi. Umekula embe, hukunawa: sukari ya embe itahesabiwa pamoja na ya damu, na namba itapanda. Ukijipiga shindano la insulini kwa kufuata namba ile, sukari yako itashuka mno. Utatoka jasho, utatetemeka, mawazo yatachanganyika. Karibu na mashini, hiyo ni ajali. Tena wenzako watadhani umelewa, kumbe unahitaji sukari upesi.

Basi mushike haya:

1. Nawa kwa maji na sabuni, kausha vizuri. Maji yakibaki, yanachanganyika na damu.

2. Funga chupa ya vikaratasi mara moja. Joto na unyevu vinaviharibu. Tazama tarehe yake.

3. Shindano la kujichoma ni la mtu mmoja tu. Kuazimana kunaleta SIDA na ugonjwa wa ini.

4. Namba ikikushangaza, nawa tena, pima tena, mbele ya kujipiga insulini.

5. Ikiwa chini ya miligramu 70, simamisha kazi, mwambie mkubwa wako, kunywa maji yenye vijiko vidogo 3 vya sukari. Pima tena baada ya dakika 15. Mtu aliyezimia usimnyweshe kitu: mpeleke hospitali mbio.

Andika namba zako katika kitabu, umwonyeshe munganga. Mashini ni ndogo, lakini inasema kweli kwa mwenye mikono safi.