Earl ni cheo gani, na kinahusiana vipi na kaunti za Kenya?

Mwaka 1999, Prince Edward wa Uingereza alipomuoa Sophie Rhys-Jones, Malkia Elizabeth II alimpa cheo cha Earl wa Wessex. Sophie naye akawa Countess wa Wessex. Sasa, kama mume ni Earl, hiyo Countess imetoka wapi?

Mtu mzito wa mfalme

Earl limetokana na eorl, neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha mtu wa ukoo bora au shujaa wa vita. Lina undugu na jarl la watu wa Skandinavia.

Cnut wa Denmark alipoanza kuitawala England mwaka 1016, Earl hakuwa mtu wa kuvaa joho tu. Alisimamia eneo kubwa kama Wessex au Mercia kwa niaba ya mfalme, na vita vikija aliongoza jeshi.

Wanormani waja na neno lao

Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka England. Kwao, mtu wa ngazi hiyo aliitwa count, kutoka neno la Kilatini comes, yaani mwandani wa mtawala.

Waingereza waliendelea na Earl yao, lakini haikuwa na umbo la kike. Ndiyo maana mke wa Earl akaazimiwa jina la Kifaransa: Countess.

Ukoo huohuo wa maneno ndio uliozaa county, na Wakenya wakapata kaunti. Katiba ya 2010 iliunda kaunti 47, ila zinaongozwa na magavana wa kuchaguliwa, siyo wa kurithi.

Kutoka juu hadi nafasi ya tatu

Earl ndicho cheo kikongwe zaidi kati ya vitano vya makabaila wa Uingereza. Kilikuwa cha juu hadi 1337, mfalme alipomfanya mwanawe kuwa Duke wa Cornwall. Leo kiko chini ya Duke na Marquess, juu ya Viscount na Baron.

Binti anarithi?

Mara nyingi, hapana. Vyeo vingi hupita kwa wanaume tu.

Januari 1941, Josslyn Hay, Earl wa 22 wa Erroll, aliuawa kwa risasi nje kidogo ya Nairobi. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Diana, wa miaka 15.

Cheo cha Erroll ni cha Scotland na kiliruhusu mwanamke kurithi, hivyo Diana akawa Countess kwa haki yake mwenyewe, bila kusubiri mume. Lakini cheo kingine cha marehemu, Baron Kilmarnock, kilidai mwanamume. Hicho kikaenda kwa Gilbert, baba mdogo wa Diana.

Baba mmoja, binti mmoja, vyeo viwili: kimoja kikampokea, kingine kikamruka.