Kwa Nini Mtamba wa Malishoni Huchelewa Kushika Mimba

Katika nyanda za Cerrado, katikati ya Brazili, mvua hukatika karibu na mwezi Mei na kurudi Septemba au Oktoba. Katika miezi hiyo mtamba wa Nelore, zebu mwenye asili ya India aliyeenea katika ranchi za huko, hushinda akila nyasi kavu na bado hukonda. Asipofikisha uzito kabla ya msimu wa kupandisha, mfugaji husubiri mwaka mwingine mzima.

Kwa mtindo huo, Nelore wengi wamekuwa wakizaa ndama wa kwanza wakiwa na miaka mitatu au zaidi. Sasa zipo ranchi zinazopandisha mitamba wa miezi 14, kwa kuunganisha uteuzi wa mbegu na lishe ya ziada.

Siri iko tumboni. Nyasi zikikauka, protini yake hushuka chini ya asilimia 7, na hapo vijidudu vinavyosaga nyuzinyuzi ndani ya rumeni hukosa nitrojeni ya kuzaliana. Chakula hukaa tumboni muda mrefu bila kumeng'enywa, na mnyama hupunguza kula ingawa malisho yapo tele.

Uzazi nao hufuata uzito kuliko umri. Kwa kawaida mtamba huwa tayari kupandwa akifikisha asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa ng'ombe aliyekomaa wa aina yake. Kama mama ana kilo 450, binti anahitaji takriban kilo 270 hadi 290. Mafuta ya mwili hutoa homoni ya leptini, inayoujulisha ubongo kwamba akiba ya nguvu ipo. Ubongo nao huamsha homoni za kupevusha yai, na mtamba huanza kuingia kwenye joto.

Ili vijidudu vipate nitrojeni na mtamba afikishe uzito huo, kinachohitajika si magunia ya nafaka. Wafugaji wa Brazili huweka mchanganyiko wa mashudu ya soya au pamba, urea, chumvi na madini yenye fosforasi. Kiwango cha chini ni gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama kwa siku: mtamba wa kilo 200 hupata gramu 200. Wanaotaka ukuaji wa haraka huongeza mara tatu au zaidi.

Nyongeza hii haifai kitu pasipo nyasi. Ndiyo maana sehemu ya malisho hufungwa mvua zikielekea mwisho, kama Wasukuma wa Tanzania wanavyotunza ngitili, yaani malisho ya akiba ya kiangazi.

Tahadhari ni za lazima. Urea huua ikiliwa kwa wingi au ikiyeyuka katika maji ya mvua kwenye hori, hivyo hori liezekwe na wanyama wazoeshwe polepole. Kunenepesha kupita kiasi nako hujaza mafuta kwenye kiwele na kuleta shida wakati wa kuzaa.

Zebu wetu wa Tanzania na Kenya nao hukondeshwa na kiangazi, na mashudu ya alizeti na pamba yanapatikana. Mfugaji awapime mitamba mara baada ya kuwaachisha kunyonya, kisha amwone ofisa mifugo apangiwe mchanganyiko kabla malisho hayajakauka. Akingoja mpaka mbavu zihesabike, msimu wa kupandisha utakuwa umempita.