Kuhamisha Maktaba ya Chama Katika Diski ya Nje

Elimu kwa wanachama ni wajibu wa kila chama. Kanuni ya tano kati ya kanuni saba zilizotolewa na Shirikisho la Kimataifa la Ushirika mwaka 1995 inahusu elimu, mafunzo na habari. Siku hizi Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, masharti ya chama na miongozo ya kilimo cha alizeti huweza kuwekwa vyote katika kompyuta moja ofisini. Lakini iwapo chama cha Kiomboi au cha kijiji cha jirani kina kompyuta hiyo moja tu, siku itakapoharibika wanachama watabaki bila kitabu. Kwa sababu hiyo yafaa makatibu waelewe namna ya kuhamishia maktaba katika diski ya nje, yaani ile inayounganishwa na kompyuta kwa waya.

Vyama vinavyotumia programu ya Calibre, ambayo hutolewa bure, havina budi kufahamu jambo moja. Programu hiyo huweka vitabu vyote ndani ya folda moja, pamoja na faili liitwalo metadata.db. Faili hilo ndilo daftari la maktaba, kwani ndani yake mna jina la kila kitabu, mwandishi wake na mahali kilipo. Anayehamisha vitabu kimoja kimoja na kuliacha faili hilo amebeba magunia na kuacha leja. Vivyo hivyo, majina ya folda za ndani yasibadilishwe kwa mkono.

Utaratibu wa kufuata ni huu:

1. Programu ifungwe kabisa, kisha folda nzima inakiliwe katika diski. Isikatwe na kubandikwa, kwani umeme ukizimika katikati ya kazi huenda vitabu vikaharibika.

2. Idadi ya mafaili na ukubwa wa folda mpya vilinganishwe na vya ile ya zamani.

3. Programu ifunguliwe na kuelekezwa kwenye folda iliyo katika diski. Vitabu vichache vifunguliwe na kusomwa.

4. Diski isichomolewe kabla programu haijafungwa na kompyuta haijaamriwa kuiachia.

Ikiwa siku nyingine programu itasema haioni maktaba, katibu asishtuke. Huenda diski haijaunganishwa, au kompyuta imeipa herufi nyingine, kwa mfano F badala ya E. Aielekeze upya.

Ieleweke kwamba kuhamisha peke yake si kuhifadhi. Nakala ya kompyuta ikifutwa, maktaba itakuwa imetoka katika hatari moja na kuingia katika nyingine, maana diski huanguka na huibwa. Hakuna mtunza ghala anayekabidhi funguo kabla magunia hayajahesabiwa. Nakala ziwe mbili, katika majengo mawili, na diski iandikwe katika daftari la mali za chama.

Mwisho, orodha za wanachama, hisa na mikopo zisiwekwe katika diski inayoazimwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yataka habari za watu zilindwe. Vitabu ni vya kusomwa na wote, bali deni la mwanachama si la kusomwa na jirani yake.