KOZI SI NDUGU YA TAI

Akipita ndege yeyote mwenye mdomo wa kombo juu ya uwanja wetu, utasikia tu kelele, "Mwewe! Mwewe!" Hata awe tai. Hebu leo tuwatenganishe hawa ndege wanaowinda mchana. Bundi tumwache, yeye ni wa usiku na ukoo wake ni mwingine.

Zamani wataalamu waliwaweka wote katika kundi moja kwa sababu ya kucha zao kali na mdomo wa kombo. Lakini mwaka wa 2008, uchunguzi mkubwa wa chembe za urithi ulionyesha kwamba kozi ana undugu wa karibu na kasuku kuliko na tai! Ndiyo maana siku hizi tai, mwewe na tumbusi wana kundi lao, na kozi lake. Hata kuua kwao ni mbalimbali. Tai hufinya windo kwa kucha. Kozi ana kijino kwenye mdomo wa juu, nacho ndicho kinachomsaidia kuvunja shingo. Kuna kozi ambaye akijitupa kutoka juu hupita kilomita 300 kwa saa. Matatu gani itamshika? Tena wengi wao jike ni mkubwa kuliko dume (wavulana mtanisamehe).

Anayenihuzunisha mimi ni tumbusi. Watu humcheka eti ana upara na hula mizoga. Kumbe tumboni mwake mna asidi kali mno inayoua vijidudu vingi vya magonjwa. Huko India, kuanzia miaka ya 1990, tumbusi walikufa kwa mamilioni kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki. Mizoga ikabaki ikioza, mbwa koko wakazidi, na hatari ya kichaa cha mbwa ikazidi pia. Serikali ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka wa 2006.

Kwetu Kenya shida ni sumu. Simba au fisi akiua ng'ombe, wafugaji wengine hutia mzoga dawa ya wadudu ili muuaji akirudi afe. Basi tumbusi huona mzoga kutoka mbali, mmoja akishuka wengine humfuata, na wote hufa pamoja. Kuziba pengo hilo si rahisi kama kwa kuku, maana tumbusi hutaga yai moja tu, na kinda lake hukaa kiotani miezi kadhaa kabla ya kuruka.